Jipu Lililotoka Mfupani

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja nikiwa na miaka kumi na minane. Wanajeshi ndio waliokuwa serikali. Tulikuwa tukicheza netiboli katika kambi ya polisi Nsambya, ambako baba yangu alikuwa koplo. Nilianguka juu ya jiwe, muundi wa mguu ukachanika. Nikafunga kitambaa, nikarudi mchezoni.

Kidonda kilifunga, kisha jipu likaota palepale, na homa juu. Nikawa nanunua vidonge vya rangi mbili sokoni. Usaha ukikauka, naacha kumeza. Miezi mitano nilificha mguu kwa gauni refu, nikiogopa kutolewa kwenye timu. Ujana huo!

Mama Apio, muuguzi jirani yetu, aliniona nikichechemea bombani. Akaniketisha juu ya ndoo, akabonyeza muundi taratibu. Nikapiga yowe.

"Hii si jipu," akasema. "Mfupa ndiyo iko naoza ndani. Ulikuwa unamficha nani?"

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha kipande cha mfupa kilichokufa. Daktari alieleza kwamba vijidudu viliingia kidondani vikajichimbia mfupani, mahali ambapo vidonge vyangu vya kubahatisha havikuweza kuvimaliza. Alinipasua, akakitoa kile kipande, akapeleka usaha upimwe ajue dawa ipi itaviua. Nilihitaji sindano kila siku kwa wiki sita. Wiki ya pili, dawa ikaisha stoo.

"Isipopatikana," daktari akamwambia baba, "tutakata mguu."

Mama Apio akatoka Nsambya kwa miguu hadi Lubaga, akipita zahanati hadi zahanati, akiomba chupa moja ya dawa hapa, mbili pale. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwanajeshi akamwaga kikapu chake.

"Magendo hii!"

"Afande, ni dawa ya mgonjwa. Kama huamini, twende wote, umdunge wewe."

Akamwachia. Alipotusimulia alicheka. Siku hizo watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hayo. Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa, mpaka sindano zikatimia. Mguu haukukatwa. Sijamwona mtu jasiri kama yule mama.

Basi, mwanangu, kidonda kinachofunga na kufumuka tena, au mfupa unaouma pamoja na homa, usifanye siri. Nenda upimwe mapema. Dawa uliyoandikiwa uimalize, hata ukijiona mzima. Na anayekuhangaikia, mtii. Mungu akutunze uwe na siha, na siku utakapougua akuletee mtu asiyechoka kukutafutia uzima.