Maziwa ya Jioni Hayana Namba kwenye Kompyuta

Kwa taadhima kubwa naomba kuwatangazia wasomaji kote nchini kwamba kompyuta ya sosaiti yetu ya maziwa imefumiwa kitambaa. Ni cheupe, kina maua pembeni, na kilifumwa na mke wa mwenyekiti. Alikikabidhi mbele ya kamati nzima, tukapiga makofi, pasta akaomba. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado haijawashwa.

Mhariri, asante kwa kulificha jina langu, ingawa sidhani itasaidia. Huku upande wa Kimulot sosaiti yenye kompyuta ni moja na karani wake ni mmoja, mimi. Nina miaka thelathini na minane, nimeolewa, nina watoto wanne, na shule niliachia darasa la saba. Kuchapa nilijifunza kwa mashine kuukuu ya kanisa. Kompyuta nilijifunza kwa kitabu chake, nikielewa ukurasa mmoja na kuruka miwili.

Wasomaji wa mbali niwaeleze jambo. Kwetu sisi ng'ombe ni wa mzee, na maziwa ya asubuhi ni ya mzee. Ya jioni ni ya mama wa nyumba. Hakuna mahali limeandikwa, lakini hata mlevi analijua. Mama anakamua, anapikia watoto chai, anaweka mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, na yanayobaki anauza. Sosaiti ilipoanza kupokea maziwa ya jioni, ilimpa kila mama kadi yake, na mwisho wa mwezi analipwa mkononi mwake. Kadi yangu ndiyo inayomsomesha binti yangu mkubwa, yuko Form Two. Pesa za baba yake za asubuhi huishia nyuma ya soko, kwa nyumba moja ya pombe isiyo na dirisha.

Sasa akaja muuzaji kutoka Kericho mjini, amevaa tai, na programu mbili kwa diski.

"Hii ni ya hesabu za biashara," akasema. "Iko tayari, unaanza leo. Hii ingine ni database. Ni kama shamba tupu, unapanda chenye unataka."

Mwenyekiti akanigeukia. "Madam, jaribu zote, kila moja mwezi wake. Ile utaandika kwamba inafaa, kamati itapeleka kwa mkutano mkuu. Sisi wazee hatujui mambo ya vidole."

Nilianza na ile ya hesabu. Ni programu nzuri, siwezi kuisingizia. Inakata deni la chakula cha ng'ombe, inajumlisha, inatoa slipi safi kama ya mwalimu. Lakini inataka namba ya mwanachama, na mwanachama ni mwenye shamba. Niliandika namba moja mara mbili, mzee na mama, ikakataa. Nikaongeza herufi A kwa mama, ikalia pii, ikakataa. Basi asubuhi na jioni yakamwagwa kwa namba moja, na pesa zikatoka kwa jina moja.

Siku ya malipo akaja dirishani mama mmoja mzee, sisi wote humwita Kogo, yaani bibi. Alikuwa na kadi yake kwa leso.

"Mwanangu, maziwa yangu ya jioni yalienda wapi?"

"Yako kwa slipi ya mzee, Kogo."

"Mzee anasema kompyuta ndio imempa." Akaifunga kadi tena kwa leso. "Basi huyo kompyuta mwambie nilikuwa nanunua dawa ya presha nayo."

Hajarudi tena. Nasikia yuko kitandani, mdomo umepinda, na mkono mmoja hauinuki.

Jioni ya siku hiyo ya malipo mume wangu alirudi akipiga mluzi. "Mama Nanii," akaniambia, "hiyo kompyuta imesoma kukushinda." Wiki iliyofuata binti yetu alirudishwa nyumbani, karo haijafika.

Mwezi wa pili nikapanda lile shamba tupu. Nikaweka kila boma, na chini yake maziwa ya asubuhi kwa jina la mzee, ya jioni kwa jina la mama. Ikakubali, na akina mama wakalipwa. Lakini nisiwafiche. Stima ilipotea, nikaandika upya kazi ya siku nzima. Kukata deni la chakula nilishindwa kuifundisha, nikatumia kikokotoo. Mkaguzi wa hesabu ameshasema hataitambua. Tena hakuna mwingine anayeielewa, kwa hivyo nikiugua mimi, sosaiti nzima imeugua.

"Hiyo yako ni ya majina," mwenyekiti akasema. "Ile ingine ni ya pesa. Sisi hapa tunauza majina?" Kamati ikacheka. Na mimi nikacheka, kazi bado ninaihitaji.

Mume wangu hakucheka. Alisikia ninaegemea wapi, akanikalisha, akaongea polepole kama mtu anayeelekeza mgeni njia. "Mkutano ukipitisha hiyo ya majina, usirudi hapa. Kwenu ni Kabianga, barabara unaijua. Watoto utawaacha."

Nikiandika kwamba ya hesabu ndiyo inafaa, nitakuwa nimesema kweli nusu, na akina mama wote wa huku watakuwa wamenyang'anywa jioni zao kwa kidole changu. Nikiandika ile ingine, nitakuwa nimeipa sosaiti kitu ambacho kikikwama hakuna wa kukikwamua, na mimi mwenyewe nitakuwa Kabianga bila watoto. Nyinyi mnaosoma haya mkiwa mbali, ambao hamumwogopi mtu wa huku, nishaurini, nifanye nini? Tafadhali mniandikie kabla ya mkutano.

Kwetu nyumbani hakuna tena maziwa ya jioni wala ya asubuhi. Mume wangu alimuuza ng'ombe Jumamosi.