Miungu Yangu Iliyofia Gongoni

Mungu wangu wa kwanza alikufa kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimemwandikia kurasa kumi na moja kwenye daftari la kaunta: alikozaliwa, milima aliyoiangusha, chanzo cha hasira zake, hata harufu ya pumzi yake. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti nzito. Kabla sijafunua wa pili, mwalimu wa kemia akasema mhusika wake anamrushia mkuki wa jicho. Akachomoa kifungo cha namba mfukoni. Kikatoka ishirini. Kwa kanuni nilizozitafsiri kwa mkono wangu mwenyewe, ishirini huua chochote.

"Chochote?" akauliza fundi.

"Chochote," nikajibu kwa uchungu. Kurasa kumi zilizobaki hazikusomwa na mtu mpaka leo.

Niseme tulikuwa akina nani. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa Tabora. Mchezo wenyewe niliuokota chuoni Dar es Salaam kwa mwenzangu wa bweni. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Anaieleza dunia na maadui waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Bahati ndiyo inayoamua kama amefaulu. Hakuna ubao wala skrini, ni midomo na karatasi tu. Nilipopangiwa kazi Tabora nilikuja na kanuni hizo, na majivuno ya mtu anayedhani ndiye aliyeleta moto mjini.

Tulicheza Jumapili baada ya alasiri, nyuma ya duka la fundi cherehani, mtaa wa Gongoni. Fundi ni mzee wa mjini, wa ukoo uliotulia hapa tangu enzi za misafara, na alikubali kucheza kwa masharti mawili. La kwanza, dadu haiingii dukani kwake, maana dadu ni kamari. Badala yake alitupa vifungo ishirini vya shati, tukaviandika namba moja hadi ishirini, tukavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unachomoa, unasoma, unarudisha. Sharti la pili lilihusu neno lenyewe.

"Mwalimu, mimi sipigani na Mungu."

"Fundi, huyu ni mungu wa herufi ndogo."

"Hiyo herufi ndogo inasikikaje mdomoni?"

Aliyetuokoa ni mchezaji wa tatu, dada mmoja wa mtaa wa Isevya anayeuza asali, mwanakwaya wa Moravian, ambaye alikuwa akija moja kwa moja kutoka mazoezini na kitenge chake cha kwaya. "Mwiteni Mkubwa," alisema. Basi kuanzia siku hiyo tukawa tunapigana na Mkubwa. Mwalimu wa kemia, ambaye tunafundisha naye shule moja, alizidisha bidii mara mbili. Nadhani kuna mtu fulani wa ofisini kwetu aliyekuwa akimwona mbele yake kila alipoinua mkuki.

Mkubwa wa pili nilimpa uhai mia sita, na kanuni ya ishirini nikaifuta. Huyo hakufa haraka. Alidumu Jumapili tatu. "Nampiga." "Umempata. Amebakiwa na mia nne tisini na mbili." "Nampiga tena." Jumapili ya pili mwalimu wa kemia alikuja na mitihani ya kidato cha tatu, akawa anasahihisha huku akipigana. Fundi alipinda suruali nne. Mimi niliendelea kunguruma kwa sauti ya Mkubwa, nikiamini kwamba kimya chao ni hofu. Mkubwa alipoanguka, hakuna aliyeshangilia. Dada wa asali aliuliza kama ameshakufa kweli, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mahubiri yamekwisha.

Wa tatu nilimtengeneza kwa akili zaidi, au ndivyo nilivyojiambia. Nilimweka kwenye njia ya zamani ya misafara, kati ya hapa na Ujiji, na wachezaji wangu nikawafanya wapagazi. Alikuwa hashikiki kwa mkuki wala kwa panga. Nikaegemea kiti nikisubiri wakate tamaa.

"Anakula nini?" akauliza dada wa asali.

"Moshi wa sadaka," nikasema kwa fahari. "Vijiji vyote vya njiani vinamchomea."

"Basi simpigi. Narudi kijiji cha kwanza, nawaamkia wazee, naomba kuongea na akina mama wanaopika hizo sadaka."

Sikuwa nimeandika akina mama. Sikuwa nimeandika hata kijiji kimoja. Nilikuwa nimeandika mabawa. Kwa saa nzima alikwenda nyumba hadi nyumba, akiwauliza watu ambao niliwabuni papo hapo kama mvua imenyesha tangu waanze kuchoma mbuzi wao. Kijiji cha kwanza kikaacha. Cha pili kikaacha. Mkubwa wangu akaanza kukonda mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningemwadhibu mwanafunzi kwa ajili yake. Nilikificha kifungo namba ishirini katikati ya vidole. Kila zamu ya Mkubwa ilipofika, nilitia mkono mfukoni, nikakoroga, nikatoa ishirini, namba inayozishinda zote. Mara ya kwanza waliguna. Mara ya pili mwalimu wa kemia akaapa. Mara ya nne fundi akaomba mfuko.

Hakuufungua. Aliukanda kwa vidole vyake, juu ya kitambaa, macho yakiwa barabarani.

"Humu vimo kumi na tisa."

"Umehesabu saa ngapi, fundi?"

"Mwalimu, nimeshona vifungo miaka arobaini. Fungua kiganja."

Nilifungua. Kifungo kilikuwa kimelowa jasho, hata ile namba imeanza kufutika. Mwalimu wa kemia akanielezea kwa utulivu wa kuudhi kwamba, muda wote nilipokishika, hata wao wasingeweza kukipata. Yaani sikujipa bahati tu, niliwaibia yao. Dada wa asali ndiye aliyenimaliza.

"Mungu anayehitaji kifungo cha wizi si mungu," alisema. "Huyo ni mgombea."

Walicheka mpaka mteja wa fundi akachungulia kuona kuna nini. Mimi niliaga nikidai nina kazi za kusahihisha.

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani, nikisubiri waje kunibembeleza. Hawakuja. Iliyofuata nilikwenda mwenyewe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa hapo, kwenye mkeka."

Kiti changu cha msimulizi alikuwa amekikalia dada wa asali. Hakuwa na daftari wala kipande cha karatasi. Mfuko wa vifungo alimwachia fundi aushike. Akatueleza msafara wetu umeingia msitu wa miombo, siku mbili kutoka Tabora. Mtini umening'inia mzinga wa magome, na njia inapita chini yake. Kutoka mzingani akatokea Mkubwa. Ukubwa wake, akasema, kama kidole gumba.

Nilicheka. Mhusika wangu alikuwa na panga lenye sifa za kujaza ukurasa. "Ana uhai kiasi gani?"

"Mmoja."

"Nampiga." Fundi akanipa mfuko, nikachomoa kumi na saba.

"Umempata. Umemkata katikati kabisa."

"Kafa?"

"Sasa wako wawili."

Niliwapiga wote. Wakawa wanne. Nikapiga tena. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimefundisha vipeo kidato cha kwanza, nikachora mbili, nne, nane, kumi na sita ubaoni, na nikawachapa kwa maneno wale waliochelewa kuelewa. Mwalimu wa kemia naye akawasha moto mkubwa, akaunguza mzigo wake mwenyewe. Mhusika wa fundi alitua mzigo chini, akalala kifudifudi, akajifunika shuka.

"Fundi, pigana!" nikamwambia.

"Sijaona alichonikosea."

Mhusika wangu alikufa baada ya pigo la nane. "Umeumwa na Wakubwa mia mbili hamsini na sita," dada akatangaza, bila kunguruma hata kidogo.

"Nafufuka," nikasema. "Kuna kanuni, niliitafsiri—"

"Marehemu hasemi, mwalimu."

Tulipokuwa tunakunja mkeka nilimuuliza dada wa asali, kwa unyenyekevu nisiouzoea, huyu Mkubwa angeshindwaje.

"Mwaka wa tatu huu mnanunua asali kwangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inatolewaje mzingani."

"Kwa moshi," mwalimu wa kemia akasema polepole, akajishika kichwa. Yeye kwao ni Goweko; amekulia kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, amevuta moshi kabla hajajua kusoma.

"Moshi kidogo, na adabu," dada akasema. "Unachukua masega yako, unamwachia ya kwake, unapita. Baba yangu mrina asali hajawahi kumshinda nyuki hata mmoja maishani mwake."

Sikupenda jibu hilo. Nilirudi nyumbani nikilisahihisha kichwani, nikitafuta kosa, na sikulipata.

Tangu hapo dada hajanirudishia kiti, nami sijakiomba. Tumekutana na Wakubwa wake wanne wengine. Hatujaua hata mmoja, na mmoja wao tulimsindikiza kwao kwa sababu alikuwa amepotea njia. Mhusika wangu mpya ni mpagazi wa vyombo vya jikoni. Hata hivyo, sijapona kabisa. Mwezi uliopita niliandika mungu mwingine kwa siri, wa kurasa ishirini na mbili, tatu kati yake zikieleza joho lake tu, na nikampelekea fundi asome peke yake. Alivaa miwani, akasoma zote bila haraka, akalifunga daftari.

"Joho zuri," alisema. "Ila kwa mabega hayo uliyompa, mikono itambana."