Maua ya Chura Kando ya Mfereji

Shirika letu lilipouzwa, wenzangu waliondoka na viti, mapazia, mmoja hata na kengele ya mlangoni. Mimi nilipanda basi la kurudi Akheri na boksi la mizizi yenye udongo. Nilipewa na mke wa mtaalamu mgeni, yule aliyeletwa kutushauri namna ya kuuzwa, maana na wao walikuwa wanafungasha. Aliyaita maua ya chura kwa sababu ya madoa yake. Akaniambia yanapenda kivuli na udongo wenye unyevu, ila maji yasituame. Nikasema moyoni, kivuli kwetu ndicho kitu pekee ambacho hakijapanda bei.

Akheri ni kwa mume wangu. Mimi nimezaliwa upande wa Kilimanjaro. Yeye alifanya kazi Arusha mjini na kurudi Jumamosi, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Kila kipande cha shamba lile alikuwa amekipangia kazi: migomba huku, kahawa kule, magimbi kando ya mfereji, na chochote kingine cha kijani ni cha ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hakutoka bandani, aliletewa majani kama mzazi aliyetoka kujifungua. Mimi nilizoea kuwa na meza yangu na ufunguo wa droo yangu. Sasa sikuwa hata na mahali pa kusimama nikasema hapa ni pangu, na hilo liliniuma kuliko kupunguzwa kazi. Nikaapa kwamba yale maua yataota, na pale yatakapoota patakuwa pangu.

Nikachagua kipande kidogo chini ya migomba, karibu na mfereji. Nikachanganya samadi iliyooza vizuri na majani makavu ya migomba, nikafukia mizizi bila kuizamisha sana. Machipukizi yakatoka, majani yamelikumbatia shina. Konokono niliwaokota kwa mkono kila asubuhi. Mama mkwe akapita, akasimama.

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi, mama. Ni ya kuangalia."

"Ya kuangalia," akarudia, kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi.

Haukupita muda, yakaenda kwa ng'ombe. Hakukusudia ubaya, alikata majani kama alivyokata miaka yote, na mundu hauchagui. Nilikuta vishina tu, na bandani nikasikia ng'ombe anatafuna. Nililia kwa hasira. Hasira hasara: nikaenda kukata vipande vya masale, mmea ambao kwetu na kwao ukiuona umepandwa kwa mstari unajua huo ni mpaka wa watu, nikavichomeka kuzunguka kitalu changu pande zote.

Jioni ile mama mkwe hakuitikia shikamoo yangu. Alikuwa amekaa jikoni, mikono mapajani.

"Mume wako yu hai, na mimi ni hai," akasema. "Shamba umegawiwa na nani?"

Ndipo nikaona nilichofanya. Nilitaka kuuzuia mundu, kumbe nimegawa kihamba, shamba la ukoo, wenyewe wakiwa hai. Kuhusu masale sikuwa na hoja. Niliyang'oa mbele yake, nikapiga magoti nikamwomba radhi.

"Na hayo majani yako je?" akauliza.

Nikasimama. "Mama, mpaka nimeung'oa. Maua siyang'oi. Yakikatwa yataota tena, na yakiota nitayapalilia tena."

Akageuka kuchochea moto. Yakakatwa mara ya pili, sijui kwa kusahau au kwa kunipima. Nikaongeza samadi. Tangu hapo nikawa naamka kabla yake, namkatia ng'ombe majani mimi mwenyewe, mzigo mkubwa kiasi kwamba mtu asiwe na sababu ya kufika mferejini na mundu. Mgongo uliniuma, ng'ombe akanenepa. Majirani walinisifu kwa bidii, wakidhani nampenda yule mnyama.

Masika yakielekea ukingoni, yakachanua: madogo, meupe, yametapakaa madoa ya zambarau. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tope peke yangu, nikacheka kwa sauti. Mama mkwe akaja kuona kinachonichekesha. Akainama, akayatazama kwa makini.

"Yana ndui," akasema, akaenda zake.

Siku chache baadaye wifi yangu alikuja kutoka Kisongo kumsalimia mama yake. Mtoto wa nyumbani hakai bure, akachukua mundu akakate majani ya ng'ombe. Mimi nilikuwa upande wa pili wa banda na ndoo za maji mikononi. Nilimwona anapita kwenye kahawa, anashuka moja kwa moja kuelekea mferejini, akainama. Nisingeweza kumwahi. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia mtoto wa nyumba ile kwenye shamba la mama yake, sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni.

"Acha hapo! Hapo pana mwenyewe."