Mama Bahati Hakuharibu Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini Masisi kama fundi wa programu, Koordonateri wa mradi wetu wa afya alinionyesha katoni iliyojaa mashine ndogo za kuandikia wagonjwa.

“Papa, hizi zilikufa,” akasema. “Banganga wa Kashuga njo waliziua.”

Mama Bahati, muuguzi mkuu wa zahanati ya Kashuga na mmoja wa hao banganga, alikuwa tayari amefukuzwa kwa barua.

Niliwasha mashine moja. Ikawaka vizuri, ila programu ya wagonjwa ilikataa kuanza. Nikachunguza imetengenezwa kwa ajili ya prosesa gani. Ya ordinateri, yaani kompyuta, ya ofisi! Vijana, prosesa ndiyo akili ya mashine, na kila aina ina amri zake. Mashine ndogo ilipewa amri isizozijua, kisha akalaumiwa muuguzi.

Katika faili la maagizo ya kujenga programu, unataja prosesa itakayoitumia, halafu unachagua kompilateri, yaani chombo kinachogeuza maandishi yetu kuwa amri za prosesa hiyo. Jaribio langu la kwanza lilikwama: kompilateri ilichukua maktaba ya data (vipande vya programu vilivyo tayari) ya ordinateri yangu. Nikaielekeza kwenye maktaba za mashine ndogo peke yake, nikajenga upya. Fomu ya wagonjwa ikafunguka.

Nikaenda kwa Koordonateri. “Kosa iko letu.”

“Vizuri. Peleka programu mupya mpaka Walikale.”

“Na barua ya Mama Bahati?”

“Ile iko mambo ya administrasyo. Weye fanya teknike.”

Nilitoka na hasira. Nikapanda Kashuga na matope yake, nikamkuta Mama Bahati akipalilia maharagi. Nilipomweleza, hakuuliza habari ya kazi.

“Wagonjwa wangu mutawaingiza mu mashine sasa?” akauliza, akaniletea makaye matatu, madaftari yaliyojaa majina. “Niliwaandika wote kwa mukono. Kule bureau ya mradi walikatala kuyapokea.”

Niliyapeleka makaye hayo mbele ya Daktari Mkuu wa eneo, nikasoma majina kwa sauti hadi akaniambia nikae. Walikale nako nilimweleza kila muuguzi kosa lilikuwa la nani. Wakaandika barua ya pamoja kumtetea. Mama Bahati akarudishwa kazini. Kuombwa msamaha, hata!

Siku ya kustaafu kwangu walinipa cheti cha shukrani kwa kutengeneza “mashine zilizoharibiwa na wauguzi”. Nilitoa kalamu mbele yao wote, nikafuta maneno hayo, nikaandika juu yake: “programu tuliyoikosea sisi”. Kisha nikamrudishia Koordonateri, aliyekuwa amekitia saini.

“Tia sinyatire upya,” nikamwambia.

Alikataa. Basi sina cheti.