Jua la Mama Buluu

Mama Buluu hakuupinga uwanja. Barabara ya mtaa ilikuwa mashimo matupu na zahanati haikuwa na hata kitanda kimoja, lakini halmashauri ilipotangaza kwamba kodi za wananchi zitajenga uwanja wa kisasa, naye alipiga vigelegele. Mpira hakuujua. Alichokijua ni kufua: miaka thelathini, watoto watatu wamesoma kwa mashati ya watu, na jina lenyewe alipewa kwa jinsi alivyozisuuza nguo nyeupe kwa buluu mpaka zikaumiza macho.

Jukwaa likapanda nyuma ya ukuta wake. Lilipokamilika, saa saba mchana kivuli kiliingia uani, kikapita kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikatulia kama mgeni aliyeletewa kiti. Tangu siku hiyo nguo zikawa zinalala mbichi. Muuguzi alirudisha sare yake, akasema kwa adabu, "Mama, inanuka uvundo." Hakuleta nyingine. Mwalimu mkuu naye akahamia kwa dobi mwingine.

Mama Buluu akaenda halmashauri. Karani alimsikiliza vizuri tu.

"Nyumba yako wameigusa?"

"Hapana, baba. Wamechukua jua."

"Jua lilikuwa lako? Una hati?"

Akafikiri. Hati ya kiwanja alikuwa nayo. Ya jua, marehemu mumewe hakuwahi kuifuatilia.

Aliyemwokoa ni mkwewe, mume wa binti yake, mlinzi wa uwanja. "Jua lipo upande wa pili wa jukwaa, mama," alimwambia, macho chini. "Linapiga viti mpaka jioni, na hakuna anayevikalia."

Basi akaingia na beseni. Kila kiti shati lake, mabega yamevishwa kwenye mgongo wa kiti lisipeperuke. Jioni zilikuwa zimekauka kau. Muuguzi akarudi. Mwalimu mkuu akarudi, safari hii na mapazia ya ofisi pia. Mama Buluu akaanza tena kuimba akifua, jambo ambalo majirani hawakuwa wamelitamani sana.

Alhamisi moja mwenyekiti wa halmashauri akaja ghafla na mpiga picha. Kutoka ng'ambo ya uwanja akaona jukwaa zima jeupe.

"Wale ni nani?"

Mkwe akaona kibarua kinaota nyasi. "Wananchi, mheshimiwa."

"Mbona wametulia hivyo?"

"Wana nidhamu."

Picha ikapigwa.

Mwezi uliofuata wakazi wakaitwa mkutanoni. Mwenyekiti alisema ameguswa sana na wananchi waliovumilia jua kali siku ya kazi, tena bila mechi. Fedha zimetengwa, jukwaa lile litaezekwa lote. Nani atashukuru kwa niaba ya mtaa? Watu wakamsukuma mbele Mama Buluu, maana yeye ndiye jirani wa karibu.

Akasimama. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Kisha akamwona mkwewe mlangoni, jasho linamtiririka, na mjukuu mgongoni.

"Tunashukuru," akasema. Akakaa, akalia kwa sauti.

Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwamba ni machozi ya furaha.