Sindano ya Pili

Pale hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi, madaktari, hata mfagiaji wa korido walimwita Mkono Mwepesi, naye aliitika, tena kwa raha. Kazi yake ilikuwa kutoa damu wodini na kuipeleka maabara, na hakukuwa na mshipa uliomshinda. Wazee waliobaki ngozi na mifupa, watoto wa kupiga mateke, wote walichomwa mara moja tu, basi. Wenzake wakikwama walimtuma mtu amwite, naye alikuja taratibu, akijua wanamsubiri. Sifa inalevya jamani, na yeye alikuwa ameinywa miaka mingi.

Maabara nao walikuwa na mtindo wao. Mashine ikitoa jibu la kutisha, mtaalamu wa zamu hakulitoa mpaka damu ichukuliwe upya, maana huenda aliyeichukua aliiharibu. Lakini damu ikiwa ya Mkono Mwepesi, jibu lilipita moja kwa moja. Hakuna aliyepitisha kanuni hiyo kikaoni. Ilikuwa heshima tu, na ndiyo iliyokuja kumtokea puani.

Siku hiyo kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake, alilala mama yake mkubwa, aliyemnyonyesha na kumlea baada ya mama mzazi kufariki katika uzazi. Figo za bibi huyo zilikuwa zimechoka, na mikono yake ilijaa madoa ya sindano kuanzia kwenye viwiko hadi vidoleni. Alipomwona bintiye huyo anaingia na trei alimtania kwamba amekuja kunyonya tena, kumbe utotoni hakushiba.

Mkono Mwepesi alicheka, akamfunga mpira mkononi, akapapasa mpaka akapata mshipa mwembamba kama uzi, akachoma. Damu ilikuja kidogo, ikasita, ikakata. Kichupa cha kifuniko cha zambarau, cha kupima wingi wa damu, kilijaa. Kile chekundu, cha kupima figo na madini ya mwilini, kiliambulia matone ya kufunika kitako. Ilibidi achome tena. Alikuwa ameshashika sindano nyingine pale mama mkubwa alipouficha mkono chini ya shuka.

"Mwanangu, na wewe pia?" alisema. "Wengine nawavumilia kwa sababu hawanijui. Wewe niache leo."

Maneno hayo yalimkata maini. Alirudisha sindano kwenye trei, akavuta pazia, akafungua vichupa vyote viwili na kumimina damu ya zambarau kwenye kile chekundu mpaka kikaonekana kimeshiba.

Kila anayefanya kazi hiyo hufundishwa mapema kabisa kwamba jambo hilo halifanywi. Kichupa cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu. Ikiingia kwenye kichupa kingine, mashine itasoma potasiamu nyingi ambayo mgonjwa hana. Yeye mwenyewe alishawafokea wanafunzi kwa kosa hilo hilo. Lakini huruma ilimziba macho, na huruma ya namna hiyo ni mbaya kuliko ukatili, maana ukatili watu huushtukia. Alijiambia ni kidogo tu, akavipeleka vichupa maabara, kisha akaitwa wodi ya watoto.

Mashine ilisoma potasiamu ya kusimamisha moyo. Mtaalamu aliangalia nani kachukua damu, akaona ni nani, akapiga simu wodini papo hapo. Daktari naye hakushangaa, kwani figo zikifa potasiamu hupanda. Aliagiza insulini pamoja na maji ya sukari mshipani, ili kuishusha upesi.

Mkono Mwepesi aliporudi maabara, mtaalamu alimpa pole.

"Potasiamu ya mama imepanda vibaya, ila wameshaanza kumtibu. Ingekuwa damu ya mtu mwingine ningesema irudiwe."

Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akainawa tena. Akinyamaza, nani atajua? Mgonjwa wa figo akizidiwa, watu husema ni figo. Jina lake litabaki lilivyo, na huenda dawa isimdhuru. Alifunga bomba, akageuka akiwa na aibu ambayo hakuwahi kuijua, akamwambia mtaalamu kwamba damu ile aliichanganya mwenyewe. Yule alidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni, alikimbilia simu.

Simu ililia wodini bila kupokewa, kwa kuwa wauguzi wote walikuwa kitanda cha dirishani. Mkono Mwepesi alifika anahema na kumkuta mama mkubwa amelowa jasho, macho yamegeuka, haitiki. Insulini ilikuwa imekaa mwilini mwake, figo hazikuweza kuiondoa, na sukari ilikuwa imemwishia. Alimweleza daktari kila kitu mbele ya watu. Daktari aliendelea kusukuma sukari mshipani bila kumtazama.

"Chukua nyingine," alisema. "Sasa hivi."

Alifunga mpira, akachoma. Safari hii damu ilikuja vizuri na kujaza kichupa chekundu chote. Mkono ule haukusogea, wala hakuna aliyeomba aachwe. Majibu yalionyesha potasiamu iliyoshuka kupita kiasi, na moyo ulisimama kabla ndugu hawajaruhusiwa kuingia jioni.

Daktari alimwita pembeni akamwambia kwamba figo zile zisingemfikisha mbali hata hivyo, na kama anataka, familia haina haja ya kujua zaidi ya hapo. Alishukuru, akaenda kuchukua trei yake.

Baada ya mazishi, mtoto wa mama mkubwa, ambaye walikua wakilala mkeka mmoja, alikuja kuketi karibu naye.

"Dada, nashukuru," alisema. "Asubuhi ile mama alinipigia simu. Alisema ulimhurumia, hukumchoma mara ya pili."

Alikuwa na macho ya mama yake yule kijana. Mkono Mwepesi aliificha mikono yake ndani ya khanga.

"Nilimchoma," alisema. "Ila alikuwa hasikii tena. Usiondoke, mdogo wangu, nikueleze kwa nini."