Plazma Iliyolikimbilia Jua

Kanisani wanatufundisha kwamba kisasi si chetu. Mimi nimekionja, na nakiri kilikuwa kitamu.

Miaka miwili nilikaa Kapata, mtaa wa watu wa mgodi, katika nyumba ambayo baba aliachiwa na kampuni, nikichora ramani ya kitu ambacho sijawahi kukiona. Kaskazini kabisa, kwenye barafu, kuna rada zinazorusha mawimbi angani. Yakikuta plazma, ile gesi yenye umeme, yanarudi na habari: inakimbilia wapi na kwa kasi gani. Takwimu zake ziko wazi kwenye intaneti. Umeme wa bwawa la Nzilo ukikatika nilisubiri, ukirudi niliendelea. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kumaliza masomo ya chuo kikuu.

Mkuu wetu wa idara aliiomba aisome. Wiki haikuisha, nikaona tangazo mlangoni: ataiwasilisha yeye, mbele ya wageni kutoka Lubumbashi. Nilimfuata ofisini nikiwaka.

"Mama, usikasirike," akaniambia. "Jina yako nitaiweka mu remerciements."

Kwenye shukrani, mimi! Hapo ndipo nikaiona ramani yangu mezani, mishale yote ya mwendo wa plazma imegeuzwa. Bwana mkubwa alikuwa amenisahihisha. Zamani alifanya kazi na rada ya mgodini, ile inayochunga ukuta wa shimo usiporomoke. Huko mgodini, ukuta ukiisogelea rada, umbali unapungua, wanaandika hasi. Rada za kule kwenye barafu huandika kinyume: kinachokuja ni chanya. Neno langu moja lingemwokoa. Nikafumba mdomo, nikafunga na mlango.

Siku yenyewe nilivaa kitenge kipya, nikakaa mstari wa mbele. Akaeleza kwa madaha jinsi plazma inavyovuka ncha ya dunia ikilifuata jua. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, akamwuliza kwa upole mbona watafiti wengine wote huiona pale ikilipa jua mgongo. Jasho likamtoka mkuu wetu. Akanigeukia.

"Mama, si weye njo ulichora? Elezea batu."

"Hapana, tata," nikamjibu kwa adabu, kama binti kwa baba. "Kazi ni yenu. Mi niko mu remerciements tu."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Mwezi uliofuata nilipeleka idarani ramani yangu, ile sahihi. Karani alisoma kichwa tu, akanirudishia.

"Mama, hii ya plasma si bale bageni balishaikataa?"

Nimeanza upya, ukurasa wa kwanza. Lakini lile jasho lake silitoi moyoni, hata kwa maungamo.